Bi Milimita na Siku Mbili za Aprili

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, marehemu alikwenda nyuma ya nyumba kusoma kipimamvua. Alikwenda akiwa na homa. Alikwenda asubuhi ya harusi ya mwanawe wa kwanza, kilemba kikiwa kimefungwa nusu. Alikwenda kiangazi, wakati hata wingu la kusingiziwa halikuwepo, na akirudi aliandika sifuri kwenye daftari, kubwa na ya duara, kama mtu aliyeokota kitu. Siku ambayo hakuna aliyepima hakuandika sifuri, aliweka mstari. Sifuri, alisema, maana yake mtu alikwenda akatazama. Mstari ni kukiri kwamba hatujui.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba, mama yake mshonaji na baba yake karani wa stesheni. Nyumba yao ilikuwa bondeni, na kila masika maji yaliingia mpaka chini ya kitanda. Wenzake walipanda mezani. Yeye alikwaruza alama ukutani kwa msumari kuonyesha maji yamefika wapi, akachapwa kwa kuharibu chokaa.

Alimaliza sekondari mwaka 1970 na chuo cha maji mwaka 1974, mwanamke pekee darasani. Mkufunzi mmoja alimuuliza kama ataweza kuingia mtoni na gauni. Alijibu kwamba mto hauangalii mtu amevaa nini.

Aliajiriwa Idara ya Maji tarehe 6 Januari 1975, akastaafu mwaka 2011. Alisimama mitoni maji yakimfika kiunoni, akipima mwendo wa mkondo. Alichimba udongo, akaupima kwenye mizani, akaukausha kwenye tanuri, akaupima tena ili ajue ulikuwa umebeba maji kiasi gani. Baadaye yote hayo aliyaingiza kwenye kompyuta, akajenga modeli ya bonde zima: mvua ikinyesha hapa, kiasi gani kitanywewa na udongo, kiasi gani kitafika darajani, na baada ya saa ngapi. Wenzake walimwita Bi Milimita. Mwaka 2006 hesabu zake ndizo zilizowahamisha wakazi wa chini ya daraja siku moja kabla ya mafuriko.

Tarehe 3 Desemba 1977 aliolewa na fundi wa mabomba, wakajaliwa watoto watatu. Fundi alipenda kuwaambia wageni: "Mimi maji nayapeleka ninakotaka. Mwenzangu anayafuata yanakotaka yenyewe, ndiyo maana anachelewa kurudi."

Bonde alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kijito cha nyuma ya nyumba. Aprili 1999 alisafiri kikazi wiki mbili, na kwa kuwa fundi naye alikuwa na kazi mbali, daftari alimwachia binti yake wa pili, wa miaka kumi na tisa, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Binti alikwenda kwa shoga yake, akalala huko siku mbili. Aliporudi tarehe 23 alikuta chupa ya kipimamvua imejaa pomoni. Aliyamwaga yale maji, akaandika sifuri mbili, kubwa na za duara.

Mashine ya kupima kina cha maji darajani ilionyesha kijito kilipanda siku zile zile. Kijito kupanda bila mvua, marehemu alishuku udongo. Jirani alimwambia mvua ilinyesha kweli kweli. "Daftari ameandika mwanangu," alimjibu, akaendelea. Kwa miezi miwili, kila Jumamosi, alichimba mashimo mtelemkoni akitafuta maji yalikuwa yamejificha wapi, na binti alimpelekea chai shimoni bila kufungua kinywa. Halafu Jumamosi moja jembe likarudi stoo. Hakueleza, na hakuna aliyeuliza.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Mara tatu kwa wiki damu yake ilisafishwa, na maji ya kunywa yakawa ya kupimiwa kwa kikombe. Miezi ikapita hivyo, korido ile ile, kiti kile kile. Binti alijaza karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka, akipokezana na wauguzi. Siku moja marehemu aliiomba ile karatasi, akaona muuguzi ameandika sifuri kwenye saa ambazo hakupita.

"Ulipita, mwanangu?" alimuuliza muuguzi.

"Hapana, mama. Leo tuko wawili tu wodi nzima."

"Basi weka mstari. Mtu kuchoka si kosa."

Muuguzi alicheka, akaweka mstari. Binti aligeukia dirishani.

Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana. Ameacha mume wake, fundi, watoto watatu, wajukuu watano, ambao mmoja wao ndiye anayesoma kipimamvua sasa, dada zake wawili, na madaftari arobaini na saba. Mwenyezi Mungu ampe pumziko, maana alisimama majini muda mrefu.

Jioni ya kuamkia siku aliyofariki, binti alimwambia habari za Aprili, zote, haraka haraka, akitazama sakafu.

"Zile siku niliziwekea mstari mwaka ule ule," alisema marehemu. "Umekaa kwenye kiti hicho tangu jana. Nenda kalale."