Nadhiri Niliyoiweka kwa Kiswahili cha Sokoni

Ndugu zangu wa jumuiya, mtaniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Mnanijua. Ni mimi yule mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ninayeuza maharage hapa soko la Bwera, na wengi wenu mmenisikia nikiimba njiani kwa sababu ya tonto, ile pombe yetu ya ndizi. Msiinamishe vichwa, ni kweli.

Mwaka jana binti yangu alipojifungua, damu ilikataa kusimama. Muuguzi akanitoa nje. Nikashika ukuta nikasema, "Mungu, ukiniachia huyu binti, pombe siigusi tena mpaka nife." Nilisema kwa Kiswahili, maana siku nzima tulikuwa tunasema Kiswahili na wauguzi. Damu ikasimama. Binti akarudi nyumbani na mtoto wa kike.

Nilikaa wiki saba bila kugusa. Halafu kiu ikaja, na kiu ya pombe, nawaambia, ina akili kuliko mwalimu. Ikaniambia hivi: wewe Mungu unamwomba kwa Kinande, lugha ya mama yako. Kiswahili ni cha sokoni, na sokoni bei ya kwanza siyo bei. Mnacheka? Mimi niliamini. Nikaipunguza nadhiri: kikombe kimoja tu, Jumamosi. Haikupita muda, wiki moja ikawa na Jumamosi tatu.

Mchana mmoja binti aliniachia mtoto, akaenda sokoni badala yangu. Nikamfunga mgongoni, nikapita kwa jirani anayeuza tonto. Kikombe cha kwanza nakikumbuka. Baadaye nilijikuta natembea kwenye mashamba ya kahawa, kitenge kimelegea kiunoni, mgongo mwepesi.

Mtoto hayupo.

Woga ule siwezi kuueleza. Pombe ilinitoka yote palepale. Nilikimbia kila mstari wa mibuni nikimwita mtoto wa miezi minne kana kwamba angeitika. Nikawaza mto, nikawaza mbwa. Nilitaka kuomba kwa Kinande, halikuja hata neno moja. Nikapiga magoti, nikasema kwa Kiswahili kile kile: "Mungu, nilikuahidi, na ulinisikia." Basi. Ahadi nyingine sikuwa nayo.

Nilipotoka shambani nikamkuta jirani yetu, mke wa askari, amempakata mtoto mlangoni kwake anamfuta.

"Mama, mtoto ilikuwa chini ya kahawa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Siafu ilikuwa nakuja."

Siafu wawili walikuwa wameshafika sikioni mwa mtoto. Nikamsihi asiseme kwa mtu.

"Mimi hapana ambia binti yako. Wewe utamwambia."

Nilimwambia binti jioni ile ile. Alilia, akamchukua mtoto, na miezi yote hii hakunipa nimbebe. Sikumlaumu.

Namshukuru huyo mke wa askari, yuko pale nyuma. Nawashukuru kina mama wawili wa jumuiya hii wanaonisindikiza kutoka sokoni ili nisinywe. Jamani, ukimwahidi Mungu, usiifiche ahadi. Waambie watu siku ile ile, wakushike mkono. Mimi nilificha yangu, ndiyo maana niliweza kuipunguza.

Leo asubuhi binti yangu amemfunga mtoto mgongoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe. Nimetembea mpaka hapa nikiogopa kila hatua. Mnamwona, amelala. Niombeeni, maana njia ya kurudi inapita mlangoni kwa yule muuza tonto.