Kumbe Seli Si Mahabusu

Risala ya Kikundi cha Wasuka Vikapu wa Kakuma, iliyosomwa Lodwar

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mswada wa Seli; maafisa mlioandamana naye; wazee, akina mama na majirani: ejok, hamjambo.

Makaribisho

Tunakukaribisha Lodwar, ingawa sisi wenyewe ni wageni hapa, tumetoka Kakuma alfajiri. Joto hili usilichukulie vibaya, halijatumwa na mtu.

Risala inasomwa na katibu wetu, Nakal. Kwa kuwa mengi yaliyomo yanamhusu, ametuomba tumwandike kama mtu mwingine, ili sauti isimkwame mbele ya watu. Basi ukimsikia akijitaja kwa jina, usidhani ana maringo.

Tulivyoingia katika jambo hili

Sisi ni wenyeji na wakimbizi, tunasuka vikapu vya majani ya mti wa mkoma chini ya turubai moja. Sayansi hatukuwa na ugomvi nayo. Mwezi wa tatu redio ilitangaza kwamba wananchi wafike watoe maoni kuhusu matumizi ya seli. Mheshimiwa, seli tunaijua. Ndugu zetu wamelala humo.

Tulifurika. Afisa wenu, kijana mpole mwenye miwani, akauliza kama tunakubali seli zikae siku kumi na nne. Shemasi Esekon akaruka kitini.

"Kumi na nne? Katiba inasema masaa ishirini na nne, halafu mtu anapelekwa kortini!"

Tulipiga makofi hadi vumbi likatimka. Mama Ayak, jirani yetu kutoka Sudan Kusini, akauliza kuhusu mablanketi, maana humo ndani kuna baridi. Afisa akamjibu kwa upole kwamba baridi ni lazima, tena nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sufuri.

"Hiyo ni kuua watu!" akasema Mama Ayak. "Hata kama mtu ameiba mbuzi, mbuzi ni moja tu!"

Afisa aliandika yote. Tukatia sahihi zetu kwenye karatasi ya kupokea soda, tukaenda zetu tukiwa tumeshiba demokrasia.

Mafanikio

Hatuwezi kuwa wachoyo wa shukrani. Tangu siku ile, seli ya kituo fulani, ambacho hatukitaji, imepakwa chokaa na kuwekewa ndoo yenye mfuniko. Inasemekana askari mmoja alikuwa akisikiliza dirishani. Tunaipongeza kamati yako kwa maendeleo haya ambayo haikuyakusudia.

Changamoto

Ripoti yenu imetufikia. Ukurasa wa tisa unasema wakazi wa Kakuma waliunga mkono mswada kwa kauli moja, ila wakapendekeza muda upunguzwe uwe saa ishirini na nne. Sahihi za soda zimeambatishwa.

Tulicheka mpaka machozi. Nakal hakucheka. Ndipo akatueleza, huku akitazama kikapu chake, kwamba siku ile ukumbini ni yeye peke yake aliyeelewa, na alinyamaza kwa aibu.

Yeye na mumewe Ekiru walikaa miaka sita bila mtoto. Ngamia waliuzwa, wakaenda Nairobi kwa madaktari, na yai lake likakutanishwa na mbegu ya mumewe ndani ya kichupa. Hicho kinachoanza kukua huitwa kiinitete, na hakifikii hata punje ya mtama. Kimoja sasa ni Abigael, anayesoma chekechea na kutukalia vikapu. Viwili vimebaki Nairobi kwenye baridi ile iliyomtisha Mama Ayak. Nakal huviita "wale wawili".

Wataalamu wanataka kuvikuza maabara, zisizidi siku zile kumi na nne, na kuchukua seli zake, kwa kuwa zaweza kugeuka mfupa, moyo au mshipa. Lakini ukizitoa, kiinitete hakiwi mtoto tena. Na mswada wako, kifungu cha kumi na moja, unasema kikikaa miaka mitano kinaweza kutumiwa bila mwenyewe kuulizwa. Wale wawili wanatimiza mitano Desemba.

Usidhani sisi tuna kauli moja sasa. Shemasi Esekon anasema wale ni watu, na kila Jumapili huwaombea bila kumtaja mama yao; kanisa zima linamjua. Mathilde wetu kutoka Kongo, aliyeanguka kwenye lori na miguu ikafa, husuka akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tulimuuliza yeye anaonaje.

"Mimi nitamuomba Nakal namna gani kitu kama hiyo?" akasema. "Lakini kama dawa itapatikana, mimi sitauliza imetoka kwa nani."

Wakatazamana, kisha Mathilde akamwomba Nakal amsogezee mkoma. Tuliona uchungu, tuseme ukweli.

Maombi

Kwanza, tunaomba kauli yetu moja ifutwe. Kuhusu mahabusu, ibaki.

Pili, mrudi Kakuma na mtu atakayetamka "kiinitete" polepole, kisha anyamaze asikilize. Tutagombana sana mbele yake, lakini tutakuwa tunagombania jambo lenyewe.

Tatu, kifungu cha kumi na moja kiondolewe. Hapa kwetu kuomba si aibu. Mtu akimtaka mbuzi wa rafiki yake, huenda hadi bomani, akaketi, akasema: nipe yule mwekundu. Hupewa au hunyimwa. Hakuna anayeamka akakuta mbuzi wake ameandikwa kuwa wa serikali.

Nakal bado hajaamua. Kuna siku humsikia Abigael akiomba ndugu wa kucheza nao, akasema hatoi kamwe. Kuna asubuhi humsukuma Mathilde kwenye mchanga, gurudumu likizama na wote wawili wakihema, na siku hizo, ametuambia, hubaki kidogo tu atoe.

Mheshimiwa, hubaki kidogo tu. Mwenye kutoa yupo. Aliyekosekana ni mtu wa kuja kumwomba.

Mungu akufikishe Nairobi salama, na mvua ikufuate nyuma bila kukukatia barabara.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasuka Vikapu wa Kakuma