Wa Nne Kutoka Kulia

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu kazi ya kusoma historia ya maisha yake, na kwa kuwa kaka yetu hakuwahi kukaa kitako akasikiliza jambo lolote hadi mwisho, leo hana budi, atatusikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, fundi cherehani aliyeshona sare za askari kwa mkataba, na mama yetu, aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba. Mama alikuwa akisimulia kwamba mkunga aliitwa mapema, akaja mbio, na bado alikuta mtoto ameshatoka, analia kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyecheleweshwa. Tangu siku hiyo akawa kiguu na njia. Alipofika miaka sita baba alimweka kando ya cherehani ashone vifungo, akiamini kwamba sindano humtuliza mtoto, naye akavishona, tena vizuri, lakini akiwa amesimama.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1966, kisha akasoma sekondari ya kutwa kuanzia 1967 hadi 1970, na ripoti zake zote, ambazo mama alizitunza, zinasema neno lilelile kwa mwandiko wa walimu mbalimbali, kwamba akili anazo ila kiti kinamchoma. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea upigaji picha, akahitimu mwaka uliofuata, na nyumbani tulicheka sana, mtu asiyejua kutulia anakwenda kusomea kazi ya kuwaambia wenzake watulie.

Baada ya kuhangaika na studio za mitaani, tarehe 1 Julai 1975 aliajiriwa na jumba la makumbusho kuwa msafishaji wa picha, akapewa chumba cha giza kisicho na dirisha, chenye taa nyekundu, beseni tatu za dawa na kamba ya kuanikia, na humo ndimo alimofanyia kazi hadi mwisho. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na wifi yetu, mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye subira ya kuhesabu mchele, na katika picha ya harusi yao bibi harusi ametoka vizuri kabisa, bwana harusi ametoka ukungu, kwa sababu alitikisika. Walijaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, na hadi anafariki alikuwa na wajukuu wanne.

Mwaka 1986 makumbusho ilimpa jukumu la kutafuta picha za zamani za vikosi vya jeshi, zile ambazo kombania nzima hupangwa kwa mistari, ofisa ameketi katikati mbele, wengine wamesimama nyuma yake, na majina huandikwa chini kuanzia kushoto kwenda kulia. Picha hizo hazikuwa mahali pamoja, nyingine zilikuwa ukutani kwa watu, nyingine chini ya magodoro, moja aliikuta imeziba dirisha lililovunjika katika banda la kuku, na kuku wakalalamika ilipoondolewa. Alikuwa akisikia tu kwamba mahali fulani kuna mzee aliyewahi kuwa askari, basi, sahani inabaki mezani na mvuke wake. Akiona uso asioujua aliuwekea kidole na kuuliza, "Nani huyu?" na ndiyo maana watoto wa mtaani walimwita Mzee Nani-Huyu, jina lililomganda kuliko alilopewa na wazazi wake. Wifi alikuwa akisema kwamba ameolewa na mtu mmoja na kombania tisa.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo marehemu mwenyewe alituagiza lisomwe, na lisipambwe, na mama anayehusika amekubali lisomwe akiwapo.

Mwaka 1994, studio kongwe ilipokuwa ikibomolewa, kaka yetu aliokoa boksi la filamu kutoka kwenye vifusi, na ndani yake akakuta kombania moja iliyopigwa picha kabla ya kupelekwa kwenye vita vikubwa vya enzi za baba zetu, kombania ambayo wengi wake hawakurudi. Majina yao yalikuwepo jeshini, kwenye karatasi iliyoyapanga mstari kwa mstari kuanzia kushoto, nyuso ndizo zilizokosekana kwa miaka hamsini. Alikimbilia chumba cha giza akaisafisha siku ileile, na kwa papara yake akailaza filamu mgongo juu. Filamu ikilazwa hivyo picha hutoka imegeuka, wa kushoto anahamia kulia, wa kulia anahamia kushoto, ni wa katikati peke yake asiyehama. Askari wale walivaa sweta zisizo na vifungo, na ofisa, mwenye koti pekee, alikuwa katikati na jina lake lilimwangukia sawasawa, kwa hiyo mtoto wa fundi cherehani, aliyekuzwa na vifungo, akamtazama yule ofisa na koti lililofungwa upande wa kike, asione kitu. Furaha nayo hupofusha. Akayapanga majina chini ya nyuso, kuanzia kushoto kwenda kulia, na jeshi zima likawa limepigishwa nyuma geuka bila amri.

Kisha akazitafuta familia, akazipata saba, na kila moja akaipelekea uso wa mtu wao uliokuzwa na kutiwa fremu. Ya kwanza ilikuwa ya Bibi wa Orofani, mjane aliyeishi ghorofa ya tatu katika mtaa ulio nyuma ya makumbusho, juu ya duka la fundi viatu, ambaye mumewe aliondoka na kombania ile harusi ikiwa bado mbichi, akamwacha na mimba na bila picha hata moja. Mumewe aliandikwa wa nne kutoka kushoto, mstari wa tatu. Bibi aliipeleka picha dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba mume wake masikio yalikuwa yamesimama, huyu yamelala. Kaka yetu alimjibu kwamba kofia za jeshi hulaza masikio, na kwamba karatasi ya jeshi haikosei. Bibi akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye unayeyajua haya." Binti yake, aliyezaliwa baada ya baba kuondoka, mama mtu mzima wa miaka hamsini, aliubusu ule uso juu ya kioo na kusema, "Shikamoo, baba." Marehemu alirudi nyumbani akiruka, akatusimulia mara tatu kabla hajavua viatu.

Binti huyo alifariki mwaka 2003.

Jumamosi tarehe 11 Machi 2006 marehemu alikwenda kunyolewa, na kwa kuwa kinyozi wake alikuwa amefiwa, aliingia kwa mwingine, asiyemzoea, na mashine ilipofika katikati ya kichwa akaona ndani ya kioo, ukutani nyuma yake, kombania yake ileile katika fremu ya zamani, kila mtu mahali pake. Akafurahi. Akageuka kuitazama yenyewe, na hakuna aliyekuwa mahali pake. Ndani ya kioo ilifanana na ya makumbusho, nje ya kioo ilikuwa kinyume, na kwa kuwa kazi ya kugeuza ni ya kioo, aliyekosea alikuwa yeye. Akasogea hadi pua ikagusa fremu, akatazama vifungo vya koti la ofisa, vimekaa kiume. Alitoka na nusu ya nywele na shuka la kinyozi shingoni, kinyozi anamfuata akimwita mwizi wa shuka, akaenda moja kwa moja makumbusho, akaifungua filamu, akailaza upya. Ilikuwa kweli. Nyuso saba alizozigawa zilikuwa za watu wengine.

Mkurugenzi wake, ambaye yupo hapa na hatuna kinyongo naye, alimshauri abadilishe iliyoko ukutani makumbusho, za majumbani aziache, yaliyopita si ndwele, familia zimeshatulia. Kaka hakuweza. Wifi alimwambia aanze na Bibi wa Orofani, kwa sababu huyo ndiye aliyeona na akanyamazishwa, naye akaitikia vizuri kabisa, kisha akaanza na sita wengine. Kwa mwaka mzima na zaidi alizunguka na bahasha kwapani. Nyumba moja walimshukuru. Nyingine, polisi mstaafu alimfukuza hadi getini. Nyingine waligoma kubadilishiwa, wakasema huyu tumeshamzoea, ni mpole, hana matata, chukua huyo wako mpya. Na kila aliporudi mjini alipita mtaa wa fundi viatu, akapanda, akagonga, akakaribishwa chai, akaulizia afya, akashuka na bahasha yake. Alifanya hivyo hata fundi viatu akadhani anamposa bibi.

Tuseme ukweli, aliogopa. Sita wale aliwakosea kwa filamu, lakini huyu alimkosea kwa mdomo, na kulikuwa na mtu ambaye hakuna bahasha ingeweza kumfikia tena.

Mwezi Oktoba 2006 miguu yake ilianza kuvimba, akawa anashusha pumzi kama aliyebeba gunia, akatuambia ni viatu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Januari 2007 daktari alithibitisha kwamba moyo umepanuka, akaagiza apumzike, dawa pekee ambayo mgonjwa wetu hakuwa na uwezo wa kuimeza. Alilazwa mara tatu, na mara ya pili muuguzi aliyafungia makabatini mavazi yake, kwa kuwa alishakutwa kituo cha basi.

Jumapili tarehe 5 Agosti 2007, siku chache baada ya kuruhusiwa, alipiga moyo konde. Wifi alibeba bahasha, mdogo wake huyu anayewasomea alibeba kiti cha kukunja, na kila mzunguko wa ngazi tulimkalisha, na kila tulipomkalisha alisimama kabla hajakaa. Bibi alifungua mlango. Kaka alisema yote akiwa wima mlangoni, filamu, kinyozi, vifungo, kwa mfululizo, hata sisi tuliojua hatukuelewa, mwishowe wifi akamnyang'anya maneno na kumpa bibi picha.

Bibi aliipeleka dirishani palepale pa zamani. Safari hii hakukawia. Alisema, "Ndiye," akacheka, akayagusa masikio kwa kidole, moja, jingine, akacheka tena kama msichana, halafu kicheko kikamgeuka usoni. Alisema, "Nilikuambia." Kaka akasema, "Uliniambia, mama." Bibi akasema kwamba mwanawe amekufa akimwita baba mtu mwingine. Kaka yetu alilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu tuzike wazazi wetu, akasema kosa ni lake, si la jeshi, si la karatasi.

Bibi hakumwambia kwamba amemsamehe, na historia hii haitasema kwamba alimwambia. Alimuuliza huyu wa kwanza, aliyeko ukutani, anampeleka wapi. Kaka akasema atamrudisha stoo ya makumbusho, jina lake halisi linajulikana sasa, ni wa nne kutoka kulia, ila watu wake hawajapatikana. Bibi akasema, "Stoo? Mwanangu alimwita baba. Aliyeitwa baba na mwanangu haendi stoo." Akaamuru msumari wa pili upigiliwe, mume wake atundikwe, na mgeni wake abaki palepale mpaka watu wa kwao wapatikane. Kisha akamtazama kaka alivyokuwa akihema, akamwambia, "Na wewe nenda kalale."

Alikwenda akalala. Lakini kesho yake alikuwa kwenye simu, na kesho yake, akiuliza kama kuna anayejua ukoo wa askari fulani, na hata alipolazwa tena tarehe 18 simu ilikuwa chini ya mto. Alifariki Jumatano tarehe 22 Agosti 2007, saa tisa alasiri, mkewe na watoto wake watatu wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, hasa yule aliyefungia mavazi, anastahili nishani. Tunawashukuru majirani kwa maturubai, viti na maji, mkurugenzi na wafanyakazi wenzake kwa jeneza na usafiri, na kinyozi, ambaye alikuja hospitali na mashine yake na hakudai shuka. Ambao hatukuwataja msitununie, tumewaona.

Bibi wa Orofani yuko hapa, ameketi mstari wa mbele, na amepakata picha, si ya mume wake, ameiacha nyumbani, amekuja na yule mwingine. Jina la askari huyo limeandikwa nyuma ya fremu. Anaomba kila mmoja wenu, kabla hatujaondoka kwenda makaburini, apite mbele yake na kumtazama askari huyo vizuri, aligeuze jina kichwani, akumbuke babu zake, na mwenye fununu yoyote amwinamie bibi amnong'oneze. Hatuna haraka, jeneza litasubiri.

Kaka, tumeipokea kazi yako, tutauliza sisi. Wewe lala chini kwa mara moja, usiamke kutusahihisha, pumzika kwa amani.