Tarehe ya Subira

Mniwie radhi mapema. Kisa hiki kilistahili msimuliaji mwenye akili, lakini wenye akili wote wako Salamabila wanatafuta dhahabu, kwa hiyo mmebaki na mimi. Hapa Kasongo, kwenye benchi la kahawa lenye mguu mmoja wa tofali, Faradji anaitwa Kalenda, kwa sababu anajua siku ya kuzaliwa ya kila mtu maarufu aliyekufa. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi ndiyo sikukuu yake: alizaliwa marehemu Kamango Sauti-ya-Asali, mwimbaji, alizaliwa marehemu Tambwe Sumaku, golikipa, na alizaliwa Subira, mke wake, ambaye homa ilimchukua mwezi wa pili. Mwaka huu siku hiyo ilikuta kaburi la Subira ndiyo kwanza limepakwa simiti, bado mbichi. Fundi Alimasi, aitwaye Mizani kwa kuwa kuta zake zote zinainama, alikuja na msumari mkononi kuuliza tarehe ya kuandika. Akakuta kahawa. Akakaa.

ALIMASI: Watu watatu, siku moja! Hii siku iko na kitu, Kalenda.

FARADJI: Iko na sauti. Subira akiimba, anatwanga majani ya sombe, majirani walizimaka redio.

Musafiri, dereva wa pikipiki ambaye benchi limempa uprofesa bila mtihani, akaweka kikombe chini.

MUSAFIRI: Ni udongo. Mungu anakandaka watu wa siku moja kwa udongo moja. Huu wa kumi na mbili alitia asali.

ALIMASI: Na golikipa? Asali ya nini?

MUSAFIRI: Mupira unanata!

FARADJI: Miye nasema zaidi. Kwa kanda ya mwisho ya Kamango, nyuma kabisa, kuko sauti ya mwanamuke. Sikilizeni vizuri. Ni Subira.

ALIMASI: Subira hakufikaka hata Kindu!

FARADJI: Sauti inaomba pikipiki?

Wakacheka, na Faradji akacheka kuliko wote, maana kila akinyamaza alisikia nyumba yake ilivyo kimya.

Hapo pikipiki ikasimama kweli. Akashuka Mounira, mdogo wake Subira, kutoka Kabambare: siku mbili njiani, matope mpaka magotini. Wakampisha kwenye benchi, wakampa kahawa ya tangawizi.

FARADJI: Karibu, shemeji. Umefika siku yenyewe. Leo ni aniverseri ya kuzaliwa kwa yaya yako, dada yako mukubwa.

MOUNIRA: Leo? Nani alisema?

MUSAFIRI: Iliandikwa kwa karte yake ya uchaguzi.

MOUNIRA: Karte! Mama alimwambia yaya siku yake ya kuzaliwa, yeye peke yake, sababu ni yeye muzaliwa wa kwanza. Siye wadogo alitufichaka, anacheka tu. Anasema, “Nitamwambia bwana yangu, siku ataniuliza.” Sasa, shemeji, alikuambia siku gani?

Alimasi akamtazama Musafiri. Musafiri akatazama ndani ya kikombe. Uprofesa wote ukaishia hapo.

Faradji aliiona tena akilini ile meza ya kuandikisha wapiga kura, miaka ya nyuma. Ajenti aliuliza, “Mama, ulizaliwa lini?” Subira akafungua mdomo. Faradji, mwenye tarehe zote za dunia kichwani, akadakia: “Kumi na mbili, mwezi wa kumi! Sawa na Kamango!” Ajenti akaandika, foleni nzima ikacheka. Njiani kurudi nyumbani Subira alimwuliza, “Na miye, utaniuliza lini?”

“Kesho,” akamjibu.

Tangu hapo, kila tarehe kumi na mbili, Subira alipika wali, akaketi mbele yake, akamsikiliza akisimulia habari za Kamango.

Aliyasema hayo yote pale benchini, pole pole. Mounira hakumlaumu. Alikisukuma tu kikombe kando, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alimasi akaugeuzageuza msumari.

ALIMASI: Kalenda, ndugu yangu, simiti inakauka. Niandike nini?

FARADJI: Andika jina yake, vizuri, usiinamishe. Pale pa tarehe, andika: “Bwana yake alikuwa anaongea.”