Futi Mbili za Chini

Sogeeni, wanangu, mkae ninapowaona wote watatu, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu.

Kabla sijalazwa nilinunua wavu mzito wa matundu madogo wa kuzungushia banda la kuku, upana futi tano, nikakuelekeza wewe, mkubwa wao, nikakuchorea na karatasi: futi tatu zisimame, mbili zizikwe, ncha ikunjwe kuelekea nje, na juu tufunike, maana kicheche huchimba palepale wavu unapogusa udongo. Ukanijibu, "Sawa mzee, hiyo kazi ya asubuhi moja." Niliporudi nikakuta ua mrefu, nguzo zimepakwa rangi, majirani wanakusifu, nawe unatamba, "Hata chui hapandi hapa!" Chui! Nani alikuuliza habari za chui?

Siku ya tisa tukaamka tukakuta kuku kumi na mmoja wametafunwa shingo, uzao wa wale aliokuja nao marehemu mama yenu tulipohamia nyumba hii. Ukasimama uani, mbele ya majirani, ukamwita mdogo wako mzembe, eti hakufunga komeo. Akalia, "Kaka, nilifunga." Nami, nasema haya kwa aibu, nikakuamini wewe, nikamwambia binti yangu arudishe funguo za banda. Miezi miwili sasa analala kwa shangazi yake, mpaka leo nilipomwita.

Juzi nilijikokota mpaka nyuma ya tangi la maji. Shimo liko pale, limepita chini ya wavu, limefunikwa na lile tofali ulilokuwa ukiwekea mkebe wako wa rangi, duara la rangi bado liko juu yake. Nikapima wavu kwa utepe: futi tano zote zimesimama. Hukuzika hata inchi moja. Basi ulijua, mwanangu, asubuhi ileile ulijua, ukamwacha dada yako aondoke na mfuko wa nguo, nawe ukanywa chai.

Usiinamishe kichwa. Nitazame.

Nyumba ni yenu watatu, wala isiuzwe. Wewe wa katikati, chukua zana zangu, uzipake mafuta. Ua, banda na kuku wanne waliosalia ni vya mdogo wenu. Funguo hizi hapa, mama, zipokee, na unisamehe mimi baba yako.

Nawe mkubwa, usithubutu kuita fundi. Ng'oa wavu wote, uchimbe mwenyewe pande zote nne, futi mbili, na majirani waliokusikia ukimtukana uwaite wasikie ukisema ukweli.

Hawa wawili, Mungu awape afya, watoto wenye adabu na usingizi mzuri. Baraka yako wewe... niletee maji kidogo... baraka yako ninayo hapa mdomoni. Jembe liko nyuma ya mlango. Fungueni dirisha, nataka kulisikia likigonga ardhi.

Nenda basi.

Mbona silisikii jembe? Nenda, mwanangu... bado nasikiliza.