Taa Haikuzimika Yenyewe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu tuliyezoea kumwita Mzee Subiri anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili katika karakana hii. Meneja ameniagiza niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha, usiozidi ukurasa mmoja wa ratiba ya sherehe. Kuhusu ukurasa nitajitahidi. Kuhusu kuchangamsha, tutaona.

Alianza kwa kuosha vipuri, akapanda hadi fundi wa injini. Magari yalipoanza kuja na kompyuta ndani, yeye ndiye aliyejifunza mashine ya kupimia wakati sisi tukiiogopa kama nyoka. Redio ya karakana ilikuwa yake, na ole wako uguse stesheni. Chai aliinywa imepoa kwa sababu kila ilipoletwa alikuwa chini ya gari la mtu. Spana namba kumi aliivaa shingoni kwa kamba, maana alisema humu ndani kuna spana zenye miguu.

Jina la Subiri alipewa na wateja. Mtu alikuja mbio, taa ya injini inawaka, kaambiwa mtaani kwamba masega ya kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yamekufa na yabadilishwe leo leo. Mzee alimwambia asubiri. Alimweleza kwamba taa ile huweza kuzimika yenyewe, kwani pengine mafuta yalikuwa machafu au sensa imeona vibaya. Gari liendeshwe, lipate moto, lijipime. Magari mengi yakijikuta hayana ugonjwa safari tatu mfululizo, taa hulala, ingawa kumbukumbu hubaki ndani mpaka injini ipate moto na kupoa kama mara arobaini. Lakini ugonjwa ukiwa wa kweli taa hurudi, hata uifute kwa mashine mara mia. Kufuta si kutibu, alisema, na sisi tuliitikia kwa pamoja kama kwaya.

Uongozi haukuupenda wimbo huo. Karakana inauza masega mapya, na fundi anayewarudisha wateja nyumbani wakaendeshe kwanza ni wa kuvumiliwa tu. Hata hivyo, miaka sita iliyopita hapakuwa na mwingine wa kupewa cheo cha fundi mkuu. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa ameshatarizi cheo hicho kwenye mfuko wa ovaroli mpya.

Ndipo likaja gari la mkunga mmoja, siku ya Alhamisi. Mzee alilipokea na kusaini kadi ya kazi, kwani kwetu anayepokea gari ndiye mwenye jina kwenye kadi, hata likimaliziwa na mwingine. Akakuta plagi moja haichomi, petroli mbichi inapita hadi kwenye masega na kuyaunguza. Akasema gari lisitoke mpaka vipuri vifike Jumatatu. Ijumaa na Jumamosi alikuwa na ruhusa ya kumpeleka Mama hospitali. Jumamosi hiyo mkunga akaja kulitaka gari lake, na Meneja akaamuru apewe, taa tu izimwe. Fundi wa zamu akachomeka mashine, akafuta, akamkabidhi funguo kwa tabasamu. Jumanne masega yaliziba kabisa, gari likazimika kwenye mlima mkunga akiwahi kuzalisha. Mzazi aliyekuwa akingojwa na mtoto wake walipona, tena kwa msaada wa wapita njia, si wetu. Malalamiko yakaletwa, na kwenye kadi kulikuwa na jina moja.

Fundi huyo wa zamu ni mimi.

Nilipoulizwa mbele ya Meneja, nilisema sikugusa kitu, taa ilizimika yenyewe. Nilimpiga mwalimu wangu kwa somo lake mwenyewe. Asante ya punda ni mateke, basi punda ndiye huyu anayeandika. Mzee alijua papo hapo. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua: gari lilisimama uani tangu Alhamisi, halikwenda hata safari moja, lingejipima wapi? Meneja naye alijua, kwa kuwa amri ilikuwa yake, akawa anasoma kalenda ukutani. Mzee angesema sentensi moja tu ningefukuzwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na hilo pia alilijua. Akasema kadi ina jina lake, basi.

Akapewa barua ya onyo, akahamishiwa kwenye matairi, akajaza upepo miaka sita. Cheo nikapewa mimi. Mama alifumua ile tarizi, lakini alama za sindano bado zinaonekana mfukoni, na kila asubuhi nimepishana nazo nikielekea ofisini kwangu. Mzee hajawahi kunisema vibaya. Afadhali angenisema.

Wasifu wa namna hii huorodhesha tuzo. Yeye hakupewa hata moja. Atakabidhiwa saa ya ukutani niliyoichagua mimi, na naona aibu hata kuishika.

Miaka sita nimengoja jambo hili lijifute. Halikujifuta. Asubuhi nimepeleka ofisini maelezo yangu yenye sahihi, nikaomba barua ile itolewe kwenye faili lake leo, kabla ya hotuba. Ukurasa huu Meneja hajauona. Nilimwambia bado naandika.

Mzee, nakala ya maelezo hayo imo kwenye bahasha chini ya sahani yako. Asante kwa kunifundisha kazi, na unisamehe kwa nilivyoitumia. Sote karakana nzima tunakuombea mapumziko mema, afya kwako na kwa Mama, na chai uinywe ingali moto. Ovaroli ya fundi mkuu niliyoivaa miaka hii sita nimeitundika kwenye ndoano yako. Haikuwa yangu.