Joto la Ukutani

Mshonaji alikuwa amesinzia kwenye treni, mazungumzo ya abiria wawili mbele yake yakamzindua. Mmoja, fundi umeme, alimuuliza mwenzake kuhusu nyumba yake mpya ya mbao.

"Nyaya mmezipitisha kwenye mabomba?"

"Tumezigongelea tu kwenye mbao, kaka. Ukuta unapata joto, mwanangu hupenda kulala ameuegemea."

Fundi, aliyekuwa akicheka ovyo tangu stesheni, hakucheka. "Nyumbani yuko nani?"

"Mama mkwe na mtoto."

"Mpigie azime swichi kuu. Sasa hivi!"

Mshonaji akainama mbele kusikiliza. Simu iliwekwa kwenye spika.

"Nimezima, baba," mama mkwe akasema. "Lakini humu ukutani kuna kitu bado kinatafuna mbao."

"Watoke nje!" fundi akamaka.

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo cha mshonaji, naye hakuinuka.